Mwanza au Ng'wanza? Jinsi ya kulitamka jina la mji wetu bila kugombana na wenyewe

Ukikaa Mwanza hata miezi miwili tu hii kesi utaikuta. Mtu anasema Mwanza, mzee aliyekaa pembeni anarudia taratibu, Ng'wanza, kijana anacheka, mwingine anadakia kwamba wote mmekosea jina lenyewe ni Nyanza wazungu ndo waliliharibu, na hapo chai inapoa mezani. Mimi nimezaliwa hapa, mama yangu ni wa Kwimba, na kazi yangu ni kushika maiki kwenye harusi na sendofu, kwahiyo majina ya sehemu nayatamka mbele za watu karibu kila wikiendi na nimeshaona baba mzima ananuna ukumbini kwa sababu kijiji chao kimetajwa hovyo. Hii nimeiandika kwa anayehamia huku, anayeoa huku, anayesoma matangazo kanisani au msikitini, na mwenyeji mwenzangu aliyechoka kubishana.

Kitu cha kwanza, kabla hujafungua mdomo, jua unaongea lugha gani muda huo. Nimeshasikiliza mabishano mengi na mengi yao yanatokana na hapo tu. Mmoja analitaja jina kwa Kiswahili, mwenzake kwa Kisukuma, na kila mmoja anadhani mwenzake anaharibu. Kwenye Kisukuma, maneno mengi ambayo sisi kwa Kiswahili tunaanza na mw wao wanaanza na ng'w. Mwana ni ng'wana, mwaka ni ng'waka, mwezi ni ng'weji. Yule mtu maarufu wa zamani anayesimuliwa kila kona ya Usukumani wengine wanamwandika Mwanamalundi, wengine Ng'wanamalundi, na ni mtu yule yule mmoja. Sasa Mwanza na Ng'wanza zimekaa kwenye foleni hiyo hiyo, mzee akisema Ng'wanza hajakosea Kiswahili, amelitaja jina kwa lugha yake, kama wewe unavyosema Uingereza na Mwingereza mwenyewe anapaita vingine.

Hao wa Nyanza nao wasikilize, ila wakikubana usikubali haraka. Hoja yao ni kwamba nyanza kwa lugha za huku ni maji makubwa, ziwa, na mzungu alisikia vibaya akaandika Mwanza. Inavutia na nimeisikia tangu shule ya msingi. Lakini angalia hiki kitu. John Hanning Speke, mvumbuzi wa Kiingereza, alifika kusini mwa Ziwa Victoria tarehe 3 Agosti 1858, na kwenye maandishi yake ziwa analiandika N'yanza na sehemu aliyofikia anaiandika Muanza. Ni sikio lile lile na safari ile ile, kama angekuwa amechanganya basi angeandika neno moja kwa vyote viwili. Yeye alisikia maneno mawili. Isitoshe mtu aliyekuwa anamsaidia kuongea na watu njiani ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa akizungumza naye Kihindustani, na misafara ya wakati ule Kiswahili ndo kilikuwa kinatembea, kwahiyo mimi naona ng'w ilishageuka mw kwenye midomo ya watu wa misafara kabla mzungu hajashika kalamu. Wajerumani walipoweka kituo chao hapa 1892 wakawa wanaandika Muansa, ile s yao wanaisoma z, na m iko pale pale mwanzoni. Na Nyanza yenyewe haijapotea, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa pamba hapa mjini kinaitwa Nyanza mpaka leo na hakuna aliyewahi kukichanganya na jina la mji. Huo ndo mtazamo wangu na naushikilia, ila mtu akikwambia babu yake alimwambia Nyanza, mwachie babu yake.

Haya, tuje kwenye kutamka. Tuanze na ya Kiswahili maana hata hii watu wanaiharibu. Kosa kubwa ni Muwanza, silabi tatu, mu-wa-nza, utalisikia kwa wageni wengi na hata kwa baadhi ya watu wetu wakishika kipaza sauti wanataka waonekane wametoka mbali. Dawa yake ni rahisi mno. Sema mwanzo. Mwanzo wa safari, mwanzo wa mwaka. Hakuna mtu anayesema muwanzo. Sasa neno hilo hilo, bila kubadilisha chochote, mwishoni toa o weka a. Umemaliza. Piga makofi ukilitaja, yawe mawili tu, mwa, nza, na nguvu ya sauti iangukie kofi la kwanza. Usivute n ukaiweka kituo chake peke yake, mwan... za, hapana, ile nz inatoka pamoja kama kwenye nzige.

Ng'wanza ndo inahitaji mazoezi, na hapa nawapa njia niliyoiona kwa macho yangu kwa babu yangu mzaa mama. Shemeji yangu mmoja, mtu wa Tanga, mtu mzuri tu, alikuja Kwimba kwenye msiba na jioni watu wamekaa nje babu akawa anaeleza safari zake za ujanani za kwenda Ng'wanza kwa miguu na ng'ombe, shemeji akaingilia, "Babu, inaitwa Mwanza." Kila mtu akanyamaza. Kumsahihisha mzee namna hiyo, tena nyumbani kwake, tena msibani, kwetu sio kitu kidogo. Babu hakukasirika. Aliokota kipande cha bua la mtama, chembamba kama kiberiti, akakiweka katikati ya midomo yake kimekaa kwa kulegea, akasema Ng'wanza. Bua halikubanwa hata kidogo. Akasema Mwanza, midomo ikafunga, bua likabanwa. Akamkabidhi shemeji bua lingine, "Na wewe, ng'wizukulu, jaribu." Ng'wizukulu ni mjukuu, na lenyewe lina sauti ile ile, nadhani babu alilichagua makusudi. Shemeji alijaribu mpaka giza likaingia na alilipata, na mpaka leo akija anamsalimia babu kwa jina la mji kwanza.

Kwahiyo fanya hivi. Chukua kijiti cha meno au hata ncha ya kidole, weka katikati ya midomo. Anza na neno unalolijua, ng'ombe. Lianze halafu usilimalize, baki kwenye ng' tu, ng'ng'ng', utasikia mlio unatokea puani na nyuma ya ulimi umegusa juu kule ndani kabisa, midomo iko wazi haina kazi. Bado unang'ung'unika hivyo hivyo, sasa ikunje midomo kama unataka kupiga mluzi, isigusane, halafu achia a. Ng'wa. Kama kijiti kimebanwa umesema mwa, rudia. Kama umesikia g ngumu kama ya ngoma au gari umesema ngwa, rudia pia, hii ndo wanaikosea zaidi watu wa pwani na bara ya mbali. Ukishaipata ng'wa fanya mazoezi kwa ng'wana, ng'waka, ng'weji, kila moja mara kumi, ndo ulete nza. Usianze na jina la mji moja kwa moja, sauti mbili ngeni kwa pamoja zitakuchanganya.

Ipi utumie lini? Mimi nasema hivi na nitasimama hapo. Ukiongea Kiswahili sema Mwanza. Ukiongea Kisukuma, au ukimjibu mzee aliyekuanza kwa Kisukuma, au ukisoma jina la mtu au kijiji ambacho wenyewe wanaandika Ng'wa, sema Ng'wa. Kuna vijana wa mjini siku hizi wanachomeka Ng'wanza katikati ya Kiswahili kila sentensi kuonyesha ni Wasukuma wa kweli, sioni ubaya kama wanaitamka vizuri, ila wasimlazimishe Mjita au Mhaya au Mkerewe aliyezaliwa Kirumba afanye hivyo, mji huu ni wake pia na yeye kalijua kama Mwanza tangu anyonye. Na ninyi mnaocheka mtu akisema Ng'wanza, acheni. Nakumbuka darasa la pili mtoto mwenzangu alisimamishwa arudie Mwanza mpaka aache "ushamba", darasa zima linacheka, akarudi kukaa na hakunyoosha mkono tena muhula mzima. Alikuwa anasema jina sahihi la kwao. Hiyo picha bado ninayo.

Sasa namna ya kuuliza, maana kuna swali linaleta majibu na kuna swali linaleta ugomvi. Usiulize "ipi ndo sahihi?" Ukitaja neno sahihi tu kila mtu anavaa ngao. Uliza "nyumbani kwenu mnapaitaje?" au "bibi yako alikuwa anasemaje?" Mtu anayeulizwa kuhusu bibi yake anatulia, anakumbuka, anakutamkia polepole tena mara mbili. Mwulize mmoja mmoja pembeni, usiwaulize watano waliokaa kijiweni kwa mpigo maana watajibizana wao kwa wao na wewe utaondoka mtupu. Na salamu kwanza, huku usiruke salamu. Mwambie mzee mwangaluka kama ni asubuhi, mama mtu mzima mwite mayu, hata kama Kisukuma chako kimeishia hapo atakusaidia kwa moyo. Akishakufundisha sema wabeja. Hiyo yenyewe utaikuta imeandikwa wabeja na wabheja zote mbili, kama makumbusho ya Kisesa yanavyoandikwa Bujora na Bhujora, kwa sababu b ya Kisukuma ni laini, midomo inakaribiana tu haigongani, na wengine wakaona waiwekee h kuitofautisha. Ukisema Bujora kwa b ya kawaida unaeleweka bila tabu.

Ukitaka kusikiliza mwenyewe bila kuuliza mtu nenda stendi. Ndani ya mji jina la mji hulisikii sana, mtu wa Igoma au Buhongwa anakwambia naenda mjini, imetosha. Ni stendi ya Nyegezi, mabasi yanapoita abiria, au mwaloni Kirumba kwenye soko la samaki wafanyabiashara wanapopigiana simu na watu wa visiwani, hapo ndo utasikia jina linatajwa kwa kila aina ya ulimi. Kaa nusu saa na chai yako. Utasikia mpaka wanaoliacha na kusema Mza au Roki Siti.

Vijiji ndo mtihani mkubwa kuliko mji, na ndo vinanipa presha mimi kwenye kazi yangu. Vijiji vingi vya Usukumani vimeitwa kwa majina ya watu, Ng'wa hapo inakuwa kama kwa fulani, nyumbani kwa fulani, halafu kwenye kibao cha barabarani kimeandikwa Mwa. Mwamashimba na vingine vingi. Unakisoma kama kilivyoandikwa, mwenyeji anakusikia na kukuelewa, lakini masikioni mwake haujafika kwao. Halafu kuna ile nh, kama Mwanhuzi kule Meatu. Wageni wanasema Mwanuzi, h wanaitupa, au wanasema Mwanihuzi, wanaiongezea i. Ile nh ni n iliyosukumwa na pumzi puani, kama unasafisha pua kidogo wakati unasema n. Jizoeze na neno nhana, maana yake kweli. Ukiweka mkono chini ya pua utasikia upepo unagonga.

Ndo maana Nyamhongolo inawashinda watu. Ile stendi kubwa ya upande wa Ilemela, umeshaisikia inatajwa namna ngapi? Wanaokata Nyam, halafu hongolo, kama maneno mawili. Wanaosema Nyamongolo, h imeondoka. Wenyeji wanaisukuma mh kwa pamoja kama nh niliyoeleza, ila midomo imefungwa, nya-mho-ngo-lo. Na juu ya hapo kuna ugomvi wa l na r, maana utaikuta imeandikwa Nyamhongolo na Nyamhongoro kote kote. Kwa hili la l na r kanuni yangu ni fupi, Kisukuma kinapenda l, watu wengi wa upande wa Mara wanapenda r, na Mwanza wote tunaishi humu pamoja, kwahiyo Buzuruga utaisikia Buzuluga, Sengerema utaisikia Sengelema, Ilemela utaisikia Iremera kwenye daladala moja safari moja. Wewe fuata kibao ukisoma hadharani, na ukisikia mtu anasema tofauti usimsahihishe, gari inafika kule kule.

Kuandika sasa, na hapa naomba usome kwa makini maana pameniumiza. Alama ile ya juu kwenye ng' sio pambo. Ukiiacha, Ng'wanza inakuwa Ngwanza na mtu asiyejua ataisoma kwa g ngumu, kama ambavyo ng'oa na ngoa havisomeki sawa. Kwenye simu bonyeza kitufe cha alama uiweke, hata kama simu inataka kukubadilishia neno irudishe. Tatizo ni fomu za kwenye kompyuta. Kijiji alichozaliwa mama kinaanza na Ng'wa, cheti chake cha zamani kimeandikwa kwa mkono Ng'wa, na alama ipo. Tulipokwenda ofisi moja kuomba kadi, mfumo wao ukakataa ile alama, mhudumu akaandika Ngwa. Ofisi nyingine wakaandika Mwa kwa sababu ndivyo kijiji kinavyoandikwa kwenye orodha yao. Siku nyaraka zote tatu zilipowekwa meza moja, mama yangu akaonekana kazaliwa sehemu tatu, na tulizunguka karibu miezi minne na viapo vya mahakamani mkononi kueleza kwamba ni kijiji kimoja, kisima kile kile, mwembe ule ule.

Kwahiyo kwenye nyaraka usiandike unavyotamka, hata kama roho inauma. Uliza mwanzoni kabisa jina la kijiji kwenye orodha yao limeandikwaje, tumia hilo hilo herufi kwa herufi kila sehemu, na lipige picha liwe kwenye simu yako. Kama cheti cha zamani kinasema tofauti, nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua yenye majina yote mawili na mhuri, mapema, kabla hujahitaji. Hata Misungwi, wilaya nzima, utaikuta na s moja na utaikuta na s mbili, sasa fikiria kitongoji.

Nje ya nyaraka andika kama wenyewe wanavyosema. Kadi ya mwaliko, kitambaa cha msiba, jina kwenye kaburi, hapo weka Ng'wa na alama yake. Hizo zinasomwa na ndugu.

Na kama kazi yako ni kama yangu, ya kusoma majina mbele za watu, usitegemee karatasi. Siku mbili kabla ya sherehe napiga simu pande zote mbili, naomba mtu mzima wa ukoo anitumie ujumbe wa sauti akitaja jina la ukoo, kijiji na wilaya, taratibu. Naomba mtu mzima kwa sababu vijana waliokulia mjini mara nyingi wananitumia ya kwenye kibao. Naisikiliza nikiwa peke yangu, naitamka, najirekodi, namrudishia aniambie kama ndivyo. Mara ya kwanza wanashangaa, wengine wanadhani natafuta pesa ya ziada. Halafu kwenye karatasi yangu siandiki kama ilivyo kwenye kadi, naandika kwa alama zangu, ng'w naipigia mstari chini, nh naiwekea duara.

Mwezi uliopita nilikuwa na familia ya bwana harusi kutoka Meatu, bibi yake ana miaka themanini na kitu, ameletwa kwa gari ndogo amefungwa kanga mbili kwa baridi ya ziwa. Nilipofika kwenye jina la kwao nikalisukuma na pumzi yake yote puani, Mwanhuzi. Bibi alikuwa anasinzia. Alifungua macho, akamgusa mjukuu wake begani, akamwuliza kwa Kisukuma huyu kijana ni wa nani.